Ulikuwa Wapi, na Ulikuwa na Nani?

  Nazungumza nanyi kutoka Al Warqa, mtaa wa Dubai ulio baina ya Mirdif na Warsan, ambako mtu akipanda ngazi za jengo moja tu aweza kusikia Kiarabu cha Ghuba kwenye orofa ya kwanza, Kimalayalam kwenye ya pili, Kitagalogi kwenye ya tatu, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu akafika juu akasikia Kiswahili cha Unguja kikigombeza watoto.

Mazungumzo yetu ya leo yahusu maradhi ya kufisha yanayoambukiza, na hasa namna yanavyofuatwa nyayo zake hadi yakamatwe. Juu ya dawa sitasema sana, wala juu ya chanjo, kwa kuwa mambo hayo yana wajuzi wake na mimi si mmoja wao. Nataka kusema juu ya swali. Mgonjwa anapoletwa mbele ya tabibu, mwili wake ukiwaka kwa homa isiyotambulikana, kabla damu haijapelekwa maabara na kabla jina la ugonjwa halijatajwa, kuna swali ambalo likiulizwa vyema na likajibiwa kwa kweli huenda likaokoa mji mzima, na lisipoulizwa, au likajibiwa kwa uongo, mji huo huweza kuangamia hali dawa zimo makabatini. Swali lenyewe ni hili: ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani?

Tuanze karibu na nyumbani, yaani nyumbani kwangu kwa sasa. Mwaka 2012 huko Jeddah tabibu wa Kimisri, Dk. Ali Mohamed Zaki, alikuta katika makohozi ya mgonjwa mmoja kirusi ambacho hakikuwa kikijulikana kabla ya hapo, cha ukoo uleule ambao miaka minane baadaye ungetufungia sote majumbani. Maradhi yake yakaitwa MERS. Ikadhihirika kwamba ngamia hubeba kirusi hicho bila ya kuumwa sana, na wachunguzi walipopima damu ya ngamia wa Somalia na Sudan iliyokuwa imehifadhiwa tangu miaka ya 1980, wakakuta humo alama za kirusi hichohicho, ushahidi kwamba kilikuwa kikitembea na wanyama wetu kabla hakijapewa jina. Sasa sikilizeni. Mwezi wa Mei mwaka 2015 msafiri mmoja alirejea kwao Korea Kusini baada ya kuzuru nchi za Ghuba, Falme zetu hizi zikiwamo. Akashikwa na homa. Akaenda kwa tabibu huyu, akapelekwa kwa yule, akalazwa hapa, akahamishiwa kule, na siku zikapita kabla homa yake haijaunganishwa na safari yake. Hata mambo yalipotulia watu 186 walikuwa wamekwisha ambukizwa, na 38 kati yao walikufa, wengi wakiwa hawajamgusa ngamia maishani mwao; maambukizo waliyapata wodini, walikokwenda kutafuta afya.

Hayo ni ya juzi. Nipeni ruhusa sasa niwarejeshe nyuma sana, kwa kuwa katika pwani yetu wenyewe swali hilo liliwahi kuulizwa kwa ustadi ambao hadi leo hunistaajabisha.

Mwezi wa Novemba mwaka 1869, katika siku za mwisho za utawala wa Seyyid Majid bin Said, kipindupindu kiliingia mji wa Unguja. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1821 maradhi hayo yalikuwa yametoka Bara Hindi yakaipiga Maskati na bandari za Ghuba, na pwani yetu haikusalimika. Na yalirudi tena kiasi cha miaka kumi kabla ya haya ninayoyasimulia, hata msafiri Richard Burton alipofika Kilwa mwanzoni mwa mwaka 1859 aliyakuta yanaua watu. Kwa hiyo mwaka huo wa 1869 ilikuwa haki kwa kila mwenye akili kuelekeza macho yake baharini na kuuliza: ni jahazi gani limetuletea balaa hili?

Palikuwapo Unguja wakati huo tabibu Mskochi, jina lake James Christie, aliyekuwa akimtibu Sultani. Bwana huyu hakuridhika na jibu la jahazi. Na ukifikiri, msikilizaji, Novemba kaskazi ndiyo kwanza inaanza kutia nguvu, na majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi bado hayajamiminika bandarini. Basi vipi ugonjwa utangulie chombo chake? Christie akaanza kuuliza. Aliuliza ugonjwa ulionekana wapi kabla ya Unguja, akaambiwa Pangani. Na kabla ya Pangani? Umasaini. Na kabla ya Umasaini? Akafuata njia za biashara, kituo baada ya kituo, kupitia nchi za Wagala na Uhabeshi, hadi mwambao wa Bahari ya Shamu, na kutoka hapo hadi kwenye Hija ya mwaka 1865, ambamo kipindupindu kiliua mahujaji wengi mno, hata mataifa yakakusanyika Istanbul mwaka uliofuata kushauriana juu yake. Maradhi yaliyodhaniwa kuja kwa bahari yalikuwa yametembea kwa miguu, miaka minne, ndani ya bara ambalo ramani za Ulaya wakati huo ziliacha sehemu zake kubwa nyeupe.

Mwaka 1876 Christie alichapisha London kitabu kizima juu ya vipindupindu vya Afrika ya Mashariki, na ndani yake alieleza si maradhi peke yake bali makabila, nchi na mikondo ya biashara, kwa sababu alikwisha tambua kwamba maradhi hayana miguu yake. Hutumia ya watu. Na kumbukeni kwamba alifanya hayo pasina kujua mdudu wa kipindupindu ni nini, kwani Mjerumani Robert Koch hakumtangaza mdudu huyo mpaka mwaka 1884. Hakuwa na maabara ya maana, wala simu, wala orodha ya serikali. Alikuwa na nini basi? Alikuwa na watu wa kuwauliza: wenye misafara waliorudi na pembe za ndovu, wapagazi wenye mabega yaliyochubuka kwa mizigo, manahodha waliojua ni mji gani umezika wangapi. Ulimwengu wa elimu humsifu Christie, na sifa ni zake. Lakini mimi husema kwamba nusu ya kitabu kile ni mali ya watu wa pwani waliomjibu, ambao wengi wao majina yao hayatajwi popote.

Na kwa nini walimjibu? Hapa ndipo nitakapo mtege sikio. Mpagazi aliyesema kwamba alipita Pangani na kuwaona wagonjwa hakuwa na hofu kwamba kwa kusema hivyo mzigo wake utachomwa moto au yeye mwenyewe atatiwa kisiwani. Aliulizwa na mtu anayetaka kujua, si na mtu anayetaka kukamata. Jambo hilo dogo limebeba mazungumzo yetu yote ya leo, nami nitalirudia tena na tena, mnisamehe.

Kutoka Unguja kipindupindu kiliendelea na safari yake, kusini hadi Kilwa, visiwani hadi Ngazija, na bara pamoja na misafara, mpaka habari zake zikamfikia msafiri Livingstone alipokuwa Manyema. Hao waliokufa wengi wao walikuwa watumwa waliosongamanishwa majahazini na vibandani, ambao hakuna aliyewauliza lolote.

Tumefika wapi? Tumesema kwamba maradhi husafiri kwa miguu ya watu. Kwamba nyayo zake hufuatwa kwa swali. Na kwamba swali halijibiwi kwa kweli ila pale ambapo kweli haimgharimu mwenye kuisema kupita kiasi. Hayo matatu tuyashike, tusonge mbele.

Lakini kabla ya kusonga, nasikia kama kwamba yuko mzee mmoja anakohoa pembeni na kusema: Bwana we, ajali ni ajali, lililoandikwa halifutiki, ya nini kuhangaika? Mzee wangu, hoja yako ni ya zamani kuliko sisi. Mwaka wa 18 wa Hijria, Amirul Muuminina Umar bin al-Khattab alikuwa safarini kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia huko mbele. Alifanya nini? Aliwaita Muhajirina akawauliza, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, wakahitilafiana vilevile. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakamshauri kwa kauli moja arudi. Abu Ubayda akamkabili akamwuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akajibu kwa maana kwamba anaitoka kadari moja ya Mungu kuingia katika nyingine. Ndipo akatokea Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwapo barazani, akasema kwamba yeye alimsikia Mtume akikataza watu kuingia nchi yenye tauni, na kukataza walio ndani yake kutoka kwa kuikimbia. Basi angalieni: hata mtawala wa waumini aliuliza mara tatu, na mwenye ilimu alikuwa yule mmoja aliyekosekana. Abu Ubayda, radhi za Mungu ziwe juu yake, alibaki na watu wake, akafa kwa tauni hiyohiyo.

Sasa tuje Kagera. Tarehe 21 Machi mwaka 2023 Waziri wa Afya wa Tanzania, Bi Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Wilaya ya Bukoba umethibitishwa maabara kuwa ni Marburg, ndugu wa Ebola, ambao haukuwahi kuthibitishwa nchini humo kabla ya siku ile. Hauna chanjo iliyoidhinishwa, wala dawa mahsusi. Wanaoupata, mara nyingi nusu yao hufa, na pengine zaidi. Je, nchi isiyo na chanjo wala dawa hupigana kwa silaha gani?

Kwa daftari, wasikilizaji. Mhudumu wa afya wa kijiji hukaa kwenye mkeka na jamaa za marehemu, akishawapa pole, akauliza taratibu: nani alimlisha? Nani alimbadilisha nguo? Nani alimpakia kwenye bodaboda kumpeleka zahanati? Nani alimwosha alipokwisha kufa? Kila jina hutiwa kwenye mstari wake, na kila mwenye jina hutembelewa kila siku, siku ishirini na moja, akapimwa joto la mwili na kuulizwa hali, kwa sababu kirusi hicho huweza kujificha mwilini muda wote huo kabla hakijajionyesha. Ikiwa siku ya kumi na tatu mtu anaamka kichwa kikimgonga na joto limepanda, huondolewa upesi kabla hajamwambukiza wa pili. Kule Bukoba watu zaidi ya 200 walifuatiliwa kwa namna hiyo. Waliougua walikuwa 9, waliofariki 6, mmoja wao mhudumu wa afya. Na tarehe 2 Juni, siku arubaini na mbili zilipotimia pasina mgonjwa mpya, ikatangazwa kwamba umekwisha. Mwanzo hadi mwisho, haukufika miezi mitatu tangu utangazwe.

Wekeni hayo kando ya yaliyotokea Kivu ya Kaskazini na Ituri, mashariki ya Kongo. Huko Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti mwaka 2018, na chanjo ilikuwapo, chanjo njema iliyopelekwa mapema na kudungwa maelfu kwa maelfu. Hata hivyo maradhi yalikaa karibu miaka miwili, watu 3,470 wakaugua na 2,287 wakafa. Sababu? Najua Kongo ilikuwa vitani na Bukoba ilikuwa na amani, na si uadilifu kuyalinganisha bila kulitaja hilo. Lakini vita vilikuwa vimezaa kitu kingine pia: watu hawakumwamini aulizaye. Walimwona akija na magari mengi na walinzi wenye bunduki, kwa watu ambao miaka mingi waliuawa na hakuna gari lililokuja. Wakajiuliza, huyu leo amependa nini kwetu? Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 Dk. Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Wagonjwa wakafichwa majumbani, na kutoa chanjo pasipo kuwajua waliotangamana na mgonjwa ni kama kukumba maji ya ngalawa ambayo tundu lake hujaliona.

Tena si raia peke yao wafichao. Januari mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari ya watu wanaoshukiwa kufa kwa Marburg huko Biharamulo, Kagera ileile. Wizara ya Afya ya Tanzania ikasema kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Na siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo Dk. Tedros akiwa ubavuni pake, akatangaza kwamba umethibitishwa. Watu 10 walihesabiwa kuwa waliupata, na wote 10 walikufa. Mimi sidai kujua yaliyosemwa ndani ya ofisi katika siku zile. Ninalolijua ni kwamba serikali nayo ina hofu zake, kama raia: hofu ya watalii kughairi, hofu ya mipaka kufungwa. Rwanda, ilipoupata ugonjwa huo Septemba mwaka 2024, ilitangaza mara moja, na malipo yake ilikuwa nchi kubwa kuwaonya raia wake wafikiri tena kabla ya kwenda huko. Mkweli akiadhibiwa hadharani hivyo, jirani yake atajifunza somo gani?

Turudi sasa Dubai, kwa kuwa jambo hili tuliliona kwa macho. Kesi ya kwanza ya korona katika Falme hizi ilitangazwa tarehe 29 Januari mwaka 2020, jamaa moja iliyotoka Wuhan. Katikati ya Machi misikiti ilifungwa, na sisi wa Al Warqa tukasikia mwadhini, baada ya wito tuliouzoea, akiwaambia watu wasali majumbani mwao, na wako waliolia. Kuanzia tarehe 26 mwezi huo magari ya kupulizia dawa yakapita usiku katika njia zetu tupu. Na mwanzo wa Aprili tukafungiwa usiku na mchana kwa wiki mbili, mtu akitaka kutoka hata kwenda kununua mkate apate kibali kwenye mtandao. Baadhi ya majengo ya majirani zetu wa Warsan yakageuzwa mahali pa kuwatenga wagonjwa na waliokutana nao. Programu ya Al Hosn ikatiwa katika simu, nayo kazi yake ilikuwa ileile ya daftari la Bukoba: kujua ulikuwa na nani.

Sasa mfikirie kijana wetu, wa Tanga au wa Lamu, ambaye kibali chake cha ukaazi kilikwisha muda wiki iliyopita, analala chumba kimoja na wenziwe saba kwenye vitanda vya ghorofa, na mshahara wake ndio unaolipa karo ya wadogo zake. Kikohozi kimemshika. Simu ingemwuliza nini asichokijua yeye? Anajua vyema alikuwa wapi na alikuwa na nani. Lakini akisema, wenziwe saba watatengwa, na mwajiri atawakata siku zao, na yeye huenda akaulizwa kibali. Basi anameza vidonge vya homa anakwenda kazini. Huyo si mwovu, jamani. Huyo anapiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Dawa ya hesabu hiyo ni kuibadilisha. Na kwa haki ni lazima niseme kwamba hapa ilibadilishwa kwa sehemu: ilitangazwa kwamba vibali vilivyokwisha muda vitahesabika kuwa hai hadi mwisho wa mwaka, ingawa amri hiyo iligeuzwa baadaye. Jirani zetu wa Oman, mwezi wa Aprili uleule, wilaya ya Mutrah ikiwa imefungwa, walitangaza kwamba kupimwa na kutibiwa korona ni bure kwa kila aliye nchini, mwenyeji na mgeni. Kwa maoni yangu amri za namna hiyo zilifanya kazi kubwa kuliko programu yoyote ya simu, kwa sababu zilimfikia yule kijana kitandani pake na kumwambia kwamba kusema hakutamfilisi.

Muda wetu unayoyoma, na liko swali ambalo huulizwa kila nikizungumza na watu juu ya mambo haya: mtu akirudi hapa kutoka nyumbani akapata homa, amwambie tabibu ametoka wapi, au anyamaze asije akawekwa karantini? Amwambie. Ataje mji na tarehe, na aseme bila kungoja kuulizwa kama alimwuguza mgonjwa, kama alihudhuria mazishi na kuosha maiti, kama aliingia pango lenye popo. Mara nyingi mno homa hiyo itakuwa malaria, ambayo siku za mwanzo hufanana na Marburg kama pacha, na tabibu wa Dubai ambaye huenda mwezi mzima hajaona mgonjwa wa malaria hatafikiria kuipima mpaka alisikie neno Tanga, au Bukoba, au Kampala. Wako watu wetu waliochelewa kutibiwa malaria kwa kuficha safari.

Wiki ijayo, inshallah, saa kama hii, tutazungumza juu ya karantini za mahujaji, Tur na Kamaran, na juu ya aina ya kipindupindu iliyopewa jina la Tur ambayo ingali nasi hadi leo.